Nauli ya Miguu

Hilaria alikuwa na mkono wa birika, na hakuna mtu Endasak aliyebisha hilo, hata yeye mwenyewe hakubisha. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Mche wa sabuni aliukata vipande sita kwa uzi wa kushonea, kila kipande na wiki yake. Majani ya chai yakishachemshwa asubuhi yalianikwa kwenye ungo, jioni yakachemshwa tena, na mgeni akiuliza mbona chai imepauka, aliambiwa kwamba ng'ombe siku hizi anatoa maziwa mengi. Gauni la shule la binti yake, Violeth, alilishona na pindo refu la kushushwa kila Januari. Kila liliposhushwa liliacha mstari wa rangi ambayo haijapigwa jua, kwa hiyo aliyetaka kujua mtoto yuko darasa la ngapi alihesabu mistari.

Violeth aliyakumbuka hayo juu ya pikipiki, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, akacheka peke yake. Alikuwa ametoka Haydom kwa basi la alfajiri, akabadilisha gari Katesh, akashuka Endasak barabarani. Sasa Margwe, jirani yao wa tangu zamani ambaye siku hizi ni dereva wa bodaboda, alikuwa anampandisha mlimani kwa mama yake. Margwe akageuza shingo, akauliza kitu. Violeth hakusikia, kwa kuwa swali lilikuja upande wa kushoto, na sikio lake la kushoto halijasikia kitu tangu akiwa mtoto. Akasogeza kichwa, akampa la kulia.

"Nimeuliza, umekuja kumsalimia bibi au kuna jambo?"

"Kuna jambo."

"Kubwa?"

"La shamba."

Margwe hakuuliza tena. Huku kwetu neno shamba linatosha kumnyamazisha mtu mpaka afike anakokwenda.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwa miaka saba Violeth alikuwa anauza uji, chapati na maharage pale Haydom, kando ya stendi, kwa watu wanaoleta wagonjwa hospitali. Watu hao hushuka kwenye mabasi wakiwa na njaa na hawana pa kukaa, naye aliwawekea mabenchi mawili chini ya turubai. Sasa mwenye kiwanja kile alikuwa anauza. Alitaka milioni tatu na nusu, na kwa heshima ya ile miaka saba alimpa Violeth mpaka mwisho wa mwezi, kabla hajamwuzia mwenye duka la dawa aliyekuwa na fedha tayari mkononi. Violeth alikuwa na milioni mbili. Alizipata kwa kujinyima kwa namna aliyofundishwa na mama yake: chumba kimoja, kitenge kile kile, nyama Krismasi na Pasaka. Alijibana miaka saba, na kila mwaka bei ya kiwanja ilikuwa mbele yake hatua kadhaa. Akikikosa, turubai linakunjwa, na hakujua angeanzia wapi tena.

Mdogo wake Basili, fundi magari kule Babati, ndiye aliyesema kwenye simu neno ambalo yeye alikuwa analimeza.

"Dada, si kuna ile ekari ya mama? Yakubu wa Katesh, yule mwenye duka, anaiulizia kila siku. Mwambie mama auze."

"Mwambie wewe."

"Mimi namwogopa," Basili akasema, na hapo hakudanganya.

Ekari ile haikuwa ya kuombwa hivi hivi, kwa sababu ilinunuliwa kwa miguu.

Alimkuta mama yake amekaa kizingitini anapukuchua maharage, miguu ameinyoosha mbele, magoti yamevimba. Alikuwa amepungua mwili tangu Pasaka. Violeth akamwinamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Kwa shilingi ngapi?"

Violeth akataja. Mama yake akatikisa kichwa, akiwasikitikia waliouza na aliyenunua.

Wakakaa, wakaulizana habari za Basili na za mvua. Kisha Violeth akapiga moyo konde, akaeleza yote: kiwanja, bei, mwisho wa mwezi, Yakubu. Alieleza akiangalia ungo wa maharage. Alipomaliza, Hilaria aliendelea kupukuchua maganda mawili, matatu, kana kwamba hakuambiwa kitu. Halafu akaweka ungo chini.

"Nipe fimbo. Twende tukalione."

"Mama, na hayo magoti?"

"Magoti ni yangu."

Hilaria akazunguka, akasimama kulia kwa binti yake, ndipo wakaanza kutembea. Tangu Violeth apate akili, mama yake hakuwahi kutembea kushoto kwake. Kanisani, mnadani, msibani, alimzunguka kwanza halafu akaongea. Watu wengine wote, hata mume wa Violeth wakati wakiwa pamoja, ilibidi wakumbushwe.

Walikwenda polepole kwenye njia ya ng'ombe, mahindi kila upande, Mlima Hanang umejifunika wingu kwa juu. Violeth alifurahi kurudi kwenye njia ile. Alijikuta anaongea mambo ya zamani, na kila alipotaja moja, mama yake aliguna kukubali.

Baba yao, Theodory, alifariki Basili akiwa hajaota meno. Hilaria akabaki na watoto wawili, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kibanda kwenye ardhi ya shemeji yake, ambaye hakuwa mtu mbaya ila kila mavuno aliwakumbusha ardhi ni ya nani. Mara mbili kwa wiki Hilaria alipeleka mayai na samli Katesh. Usafiri ulikuwa lori moja linalobeba watu juu ya magunia, shilingi mia kwenda, mia kurudi. Yeye hakupanda. Alitembea zaidi ya saa tatu kwenda na nne kurudi, na ile nauli ambayo angempa dereva akajilipa mwenyewe. "Miguu imefanya kazi, miguu ilipwe," alikuwa anasema, na pale nyumbani wakaiita nauli ya miguu.

Tatizo ni kwamba fedha haikai kwenye nyumba ya mjane. Leo shemeji anaumwa, kesho mtoto wa jirani amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, keshokutwa kuna msiba. Kwa hiyo Hilaria aliiacha Katesh kwa Mwamvita, mke wa Shabani mwenye duka, aliyekuwa akinunua mayai yake. Mwamvita alikuwa na kopo chini ya mizani kwa kazi hiyo, na hakutaka mchezo. Kabla ya kupokea nauli alizunguka kaunta akaangalia miguu ya Hilaria. Ikiwa na vumbi mpaka karibu na magoti, alipokea. Siku moja ya masika Hilaria alifika na miguu safi kwa kuwa alivuka kijito kilichojaa, na Mwamvita alikataa fedha mpaka rafiki yake alipokula kiapo. Wote wawili walicheka mpaka wateja wakaacha kununua.

"Na ulipofika mwaka wa tatu," Violeth akasema, "kopo likatoa ekari."

"Likatoa ekari," Hilaria akasema.

Ekari hiyo iliwatoa kwa shemeji. Iliwalisha, ikamsomesha Violeth mpaka kidato cha nne, ikampeleka Basili kwenye ufundi. Hawakuwa matajiri hata siku moja, ila hapakuwa tena na mtu wa kuwakumbusha kila mavuno. Kanisani Hilaria alitolewa mfano. Mabinti wanaoolewa waliambiwa wakamwone awafundishe kubana matumizi, naye aliwapa chai ya majani ya jana na kuzungumzia mambo mengine.

"Mama, unajua kitu ninachokikumbuka kuliko vyote?" Violeth akauliza. Shamba lilikuwa limeshaonekana mbele yao. "Siku uliyonibeba mpaka Katesh."

Hilaria hakuguna safari hii.

"Nilikuwa na miaka mitano, mtu mzima kabisa wa kutembea mwenyewe, na bado ulinibeba. Ulinifunga na ule mgolole mwekundu. Mgongo wako ulikuwa unanukia samli na moshi, na ulikuwa unaniimbia njia nzima. Pale kwenye mteremko lori likapita, dereva akapiga honi, nawe ukainua mkono ukampungia. Nikajisemea, kumbe mama yangu anajulikana."

Hakumwambia yaliyobaki, kwa sababu hata watu wazima wana mambo ya kuona haya. Pale Haydom, siku ambazo uji ulibaki sufuriani na kodi ya chumba imefika, alilala chali akajirudisha kwenye mgongo ule. Alilisikia lile joto, na zile hatua zisizochoka, na sauti ya mama yake ikipita kwenye mifupa. Hakuwa na kitu kingine cha utotoni alichokitunza vizuri namna hiyo.

Hilaria alikuwa amesimama. Alisogea mpaka kwenye jiwe la mpaka wa shamba, akajishusha juu yake kwa shida, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Kaa," akasema.

"Mama, umechoka. Nilikwambia..."

"Sijachoka. Kaa huku, kulia."

Violeth akakaa.

"Siku ile hukuwa unabebwa kwa raha. Uliamka na homa. Basili nikamwacha kwa bibi yako, nikafunga mayai, nikakufunga wewe, tukaondoka kwenda zahanati. Nilikuwa na mia mbili kwenye pindo la kanga. Lori likatukuta mteremkoni. Dereva hakupiga honi ya salamu. Alisimama kabisa. Akaniambia, mama panda, huyo mtoto anaumwa. Mimi nikainua mkono." Hilaria akauinua, kiganja mbele, kama alivyouinua wakati ule. "Sikumpungia, Violeth. Nilimwambia aende."

Upepo ulipita kwenye maharage. Violeth aliuangalia ule mkono mpaka ukashuka.

"Nilidhani ni homa kama homa nyingine. Kopo lilikuwa limebakiza kidogo tu, na shemeji alishasema tukivuna nitafute pa kwenda. Nikajiambia, saa tatu si nyingi. Njiani ukatapika. Halafu ukanyamaza, ukawa mzito. Nikaanza kuimba ili usilale. Mwamvita aliponiona hakuangalia miguu. Alikunyakua mgongoni kwangu akakimbia na wewe zahanati, duka akaliacha wazi. Mganga alihangaika na wewe siku tatu. Siku ya kwanza aliniuliza nimekuja na usafiri gani. Nikasema kwa miguu. Akaniangalia, hakusema neno. Heri angesema."

"Mama."

"Ngoja nimalize, nikiacha leo sitasema tena. Jioni Mwamvita akaleta uji. Nikafungua pindo la kanga nikampa ile mia ya kwenda. Mtoto wangu hajitambui, na mkono wangu unatoa nauli ya kuweka kwenye kopo, kwa mazoea tu. Mwamvita alilia, akakataa kuipokea. Wiki iliyofuata nikaenda nikaitumbukiza mwenyewe. Imo humu." Akagonga udongo kwa fimbo. "Ulipopona tukarudi nyumbani. Nikakuita ukiwa unacheza, nimesimama kushoto kwako, hukugeuka. Nikakuita tena. Hapo ndipo nilipojua."

Violeth alitaka kukasirika, na kwa muda alikasirika kweli. Haikuwa kwa ajili ya sikio. Sikio alilizoea zamani, na pale stendi lilimsaidia asisikie matusi ya wapiga debe. Alikasirika kwa ajili ya ule mgongo. Kwa nini asiachiwe walau huo? Akajaribu kuurudia pale pale alipokaa, lile joto na ule wimbo, akakuta vyote bado vipo, ila sasa joto lilikuwa lake mwenyewe la homa, na wimbo ulikuwa wa mtu anayeogopa. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Kisha akaangalia magoti ya mama yake, yaliyokwenda Katesh na kurudi mara mbili kila wiki kwa miaka mitatu. Bila ekari hii wangefukuzwa. Na lori lile lilisimama. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuona namna ya kulitoa moja ndani ya jingine.

"Kanisani wananisifu," Hilaria akasema. "Hilaria alijibana akapata shamba. Sawa, nilijibana, na shamba nilipata, sikatai. Wewe nawe ujibane, maskini hana njia nyingine. Lakini mimi nilijibana mpaka nikasahau nafanya hivyo kwa ajili ya nani, na yule niliyemsahau nilikuwa nimembeba mgongoni." Akang'oa gugu lililoota kando ya jiwe. "Liuze. Basili nilimpa ng'ombe. Hili liko kwa mtendaji wa kijiji kwa jina lako, mwaka wa pili huu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza sababu."

"Na wewe utakula nini?"

"Bustani ya nyumbani inanitosha. Na wewe si unauza uji?" Akapitisha macho kwenye matuta ya maharage. "Kila nikivuna hapa nauona mkono wangu umeinuka. Nimechoka kulivuna, mwanangu. Liende likawe mabenchi ya watu wanaoleta wagonjwa."

Violeth akafuta uso kwa kitenge, akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Margwe. Atupeleke Katesh kwa Yakubu, leo hii, wote wawili."

"Anataka shilingi ngapi?"

"Elfu nane."

"Elfu nane. Mimi nitashuka polepole mpaka barabarani, tupande basi."

"Mama," Violeth akasema, "leo nailipa ile nauli."

Margwe alipofika alimkuta bado amekaa kwenye jiwe, fimbo mkononi, ametulia kuliko alivyowahi kumwona.

Kulikuwa na kazi ya kumpandisha. Margwe alisema bibi akae katikati ili asianguke, lakini Violeth akakataa, akakaa katikati yeye. Wakampandisha Hilaria nyuma yake. Magoti yake hayakuweza kubana, kwa hiyo Violeth akaomba mgolole aliojitanda mama yake, akauzungusha mgongoni kwa mama, akaupitisha chini ya mikono, akafunga fundo kifuani kwake mwenyewe, vile mtoto anavyofungwa. Alistaajabu alivyokuwa mwepesi. Mguu wa kushoto ulikosa pa kukanyaga, Margwe akaushika akauweka vizuri.

"Tupite njia ya zamani," Violeth akasema.

Njia ya zamani inazunguka ubavu wa mlima, na siku hizi wanaipita wenye ng'ombe na wanaokwepa trafiki. Walipita zizi la shemeji, ambalo sasa ni la wajukuu zake. Walipita kijito. Mama yake alikuwa ameegemeza kidevu kwenye bega lake la kulia, na mara kwa mara alitaja jina la mtu aliyewahi kuishi mahali fulani, Akonaay hapa, Yohanes pale, naye Violeth akaitikia. Samli ilishakwisha kwenye nyumba ile miaka mingi, lakini moshi ulikuwa bado unanukia.

Kisha wakafika mteremkoni. Mikono ya Hilaria ikakaza kiunoni mwa binti yake, na Violeth akahisi kidevu kinaondoka bega la kulia na kuja la kushoto. Akahisi pumzi ya moto kwenye lile sikio lisilosikia. Mama yake alikuwa anaongea. Aliongea kwa muda mrefu, akasita, akaendelea, midomo ikigusa sikio, yeye ambaye kwa miaka thelathini na mitatu hakuwahi kukosea upande.

Violeth hakugeuza kichwa. Alimwacha aseme mpaka amalize. Mteremko ulipokwisha, kidevu kikarudi polepole kwenye bega la kulia, na mama yake akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Tukifika kwa Yakubu," akasema, "uulize mche wa sabuni sasa ni shilingi ngapi."